Mwache Apite

Spånga, Stockholm
3 Septemba 2023

Kaka yangu Wambura,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha mwezi wa nne kiwe kimekwisha. Huku tuko salama. Tiana wangu ametimiza miaka kumi na tano, amenipita kimo. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na maisha yanakwenda. Mimi bado niko maabara, napima maji ya jiji. Jumapili nilizungumza na Mama kwa simu ya Mama mdogo Veneranda. Miguu inamuuma lakini kanisani anakwenda mwenyewe. Gladness wako yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni, amekuwa wa nne darasani. Picha yake ninayo. Paji la uso ni lako lile lile.

Sasa kuna jambo ambalo nimekuficha miaka miwili. Nimejifunza kupiga upinde.

Ilianza kwa mvua. Nilikuwa namsubiri Tiana amalize mazoezi ya mpira wa kikapu, nikajibanza kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni. Ndani kulikuwa na watu wanapiga shabaha kwa mishale. Mwalimu wao, mama mmoja mstaafu anaitwa Gunvor, akanipa upinde bila kuniuliza jina. Mkono ukakumbuka, kaka. Baba alikufundisha wewe, mimi akanikataza, nawe ukanifundisha nyuma ya zizi alipokwenda mnadani.

Huyo Gunvor kwao ni Finland, ng'ambo ya maji, mwendo wa siku nzima kwa meli. Familia yake ina shamba na msitu, na huko sheria inaruhusu kuwinda kulungu kwa upinde. Nimefanya mtihani wao, nimefaulu. Mwezi ujao nitakwenda naye.

Najua uko wapi na uliwekwa hapo kwa nini. Nimekuandikia nisije nikasemewa na mtu mwingine. Kama barua hii inakuumiza ichane, nami nitarudi kuandika habari za nyumbani tu.

Mdogo wako,
Dafrosa


Gerezani
21 Novemba 2023

Mdogo wangu Dafrosa,

Marahaba. Barua yako nimepewa tarehe nane mwezi huu, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya ugali. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Nimefurahi Mama anatembea. Nimefurahi zaidi kwa Gladness, mwambie wa nne ni karibu na wa tatu. Wifi yako Veronica hukumtaja. Nadhani karatasi ilikuwa inaisha.

Sikuichana. Niliisoma nimesimama, nikaiweka chini ya mkeka siku tisa kwa sababu sikujua kama nimekasirika. Nimekasirika kidogo. Huu ni mwaka wangu wa saba ndani kwa ajili ya swala mmoja, na wewe umepewa cheti.

Siku ya kumi nikaitoa tena, nitazame ni upinde wa namna gani. Hukuandika! Wa mti gani? Mzito kiasi gani? Utamngojea chini au juu? Upepo wa huko unatoka wapi jioni? Huwezi kuniambia umeanza kuwinda halafu ukaishia hapo. Hata afande anayesoma barua ameniuliza, "Huyo dada yako ameshaua?" Nikamwambia sijui, ni mtu wa kuficha mambo.

Ukijibu, jibu vizuri.

Kaka yako,
Wambura


Spånga
7 Januari 2024

Kaka Wambura,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako niliisomea ndani ya treni nikapitiliza kituo. Theluji imejaa mpaka madirishani. Krismasi tulikula mtaa wa Fittja kwa rafiki yangu Kamila, Mwislamu wa Mombasa, ambaye kila mwaka hutupikia pilau sisi Wakristo kwa sababu anasema hatujui kupika. Mama magoti yanamsumbua. Wote nyumbani wanakusalimu.

Umeuliza, nakujibu. Upinde si wa mti. Ni wa chuma chepesi na plastiki, una magurudumu mawili madogo kwenye ncha zake. Kuuvuta ni kazi, ila ukishaufikisha mwisho unakuwa mwepesi ghafla, unaweza kukaa umeuvuta hata nusu dakika. Chembe ya mshale ina makali matatu kama wembe. Sumu hairuhusiwi. Unakaa juu ya msonobari kwenye jukwaa la mbao, umejifunga mkanda usianguke, unamngoja mnyama mpaka afike hatua ishirini. Ukimwona kulungu wa huko utadhani ni wa kwetu aliyelishwa vizuri, ila mkia wake kwa chini ni mweupe kama kitambaa.

Alikuja mara moja, mwezi wa kumi, saa kumi na moja jioni. Dume. Kaka, moyo ulihamia masikioni. Magoti yalicheza mpaka jukwaa likaanza kulia. Nilivuta, na ncha ya mshale ikawa inazunguka msitu mzima. Kila nilichofundishwa kilinitoka, nikawa natazama pembe tu kama mtoto aliyeona gari. Akainua kichwa, akanitazama, akaondoka. Hakukimbia hata kidogo. Alitembea.

Niliposhuka nilikaa chini nikashindwa kufungua kifungo cha koti. Gunvor akasema huwapata wengi, huku wanaita homa ya dume. Je, Baba aliiitaje? Wewe uliiponaje?

Dafrosa


Gerezani
2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, tumehamishiwa bustani ya mboga, ni afadhali kuliko mawe. "Wote nyumbani" ni nani? Ukiandika tena wataje kwa majina.

Baba hakuipa jina. Alisema tu anayetetemeka arudi nyumbani akanywe uji. Mimi nilitetemeka misimu miwili na nikanywa uji mwingi.

Sikiliza. Moyo utapiga, huwezi kuuzuia, usijaribu. Anayepigana na moyo wake anatetemeka mara mbili. Uache ukimbie, wewe shughulika na taya. Legeza taya, ulimi ulale chini. Taya ikilegea mabega yanashuka yenyewe, na mabega yakishuka mkono unapata kazi yake. Kanyaga kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu. Toa pumzi nusu, nusu ubaki nayo.

Pembe usizitazame kabisa. Wewe hupigi pembe. Tafuta unywele mmoja nyuma ya mguu wa mbele, mmoja, na ukishaupata usimtazame tena yule mnyama. Vuta wakati jicho lake liko nyuma ya mti.

Huo upinde wenu mwepesi sijaupenda. Wa kwetu ulikuumiza bega, ukaamua upesi, ama uachie ama ushushe. Huo unakupa nafasi ya kufikiri, na huko ndiko hofu inakoingilia. Kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa umechoka. Panda mlima mbio halafu piga shabaha moyo ukiwa mdomoni. Zoea kupiga hivyo, kwa sababu siku yenyewe hutapewa moyo mwingine.

La mwisho ndilo kubwa. Kama hujatulia, mwache apite. Usione aibu. Baba alirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko alivyorudi na nyama, na watu walimwita mwindaji.

Mimi hulegeza taya kila asubuhi tukichuchumaa kuhesabiwa. Inasaidia.

Afande wa barua ameomba nimwandikie haya kwenye karatasi yake. Anasema mke wake anamtetemesha.

Wambura


Spånga
20 Oktoba 2024

Kaka Wambura,

Shikamoo. Miezi saba kimya, nisamehe. Kazi zilikuwa nyingi. Mama yuko, sasa anatumia mkongojo. Mama mdogo Veneranda amefunga duka la nguo, anafuga kuku, na yule mbwa wake Simba bado yu hai. Gladness amepanda kidato cha pili, hisabati inamsumbua. Tiana mzima. Mimi mzima.

Maneno yako niliyashika. Jengo letu lina ghorofa saba. Kila Jumanne na Alhamisi nilizipanda mbio mara nne, kisha nikaenda ukumbini nikihema na kupiga mishale mitano kabla pumzi haijarudi. Tiana alikuwa anapita mbali nami kwenye ngazi, majirani wasijue mimi ni mama yake. Mwezi wa nne mishale ilisambaa ubao mzima. Mwezi wa nane yote mitano ilikaa ndani ya kiganja.

Tarehe kumi na moja mwezi huu tulipanda meli ya asubuhi, na kesho yake saa tisa alasiri nilikuwa juu ya mti. Akaja dume, mdogo kuliko yule wa kwanza. Nililegeza taya. Nilikanyaga. Mkono ulikuwa imara, kaka, kama si wangu. Niliuona unywele. Akaanza kupiga hatua, nami nikaachia.

Mshale uliingia nyuma sana, tumboni. Ule mlio naujua, ni kama kupiga gunia la pumba. Akaruka, akakimbia, akavuka uzio wa zamani wa mawe, akapotea kwa jirani.

Nilishuka kumfuata. Gunvor akanishika mkono. "Huko si kwetu," akasema. "Tunampigia mwenyewe simu, tunangoja." Nikamwambia anateseka. Akasema, "Anateseka, ndiyo. Na tunangoja." Tukakaa juu ya mawe ya uzio saa mbili. Sitasahau zile saa mbili. Akaja mwenye msitu, mzee mwenye kofia ya sufu, na mbwa wa kufuata damu. Hakunigombeza. Aliniangalia mikono, akafungua chupa yake na kunimiminia kahawa kwanza. Mimi nimevuka mpaka wa watu nikifuata mnyama niliyemjeruhi na nikapewa kahawa, na wewe kwa jambo hilo hilo walikupa miaka ishirini.

Tulifuata damu mpaka kwenye bwawa la matope na matete. Hapo mbwa akazunguka, akazunguka, akaketi. Hatukumpata. Kesho yake tulirudi tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Hatukumpata.

Mwaka ule ulipokamatwa nilikuambia kwa simu, "Si ungemwacha tu? Swala mmoja?" Ukakaa mwaka mzima hukuniandikia. Sasa najua niliongea upuuzi. Haachiki. Nisamehe.

Dafrosa


Gerezani
9 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mstari mmoja wa barua yako umefutwa kwa wino mweusi, pale baada ya kahawa. Usijisumbue kuurudia, naujua.

Neno la "ungemwacha" limekwisha leo. Nilivuka kigingi cha mpaka wa hifadhi nikikiona. Nilisimama pale kwa muda, nikamsikia anakoroma vichakani, nikavuka. Ningewekwa pale tena ningevuka tena. Hakimu aliniuliza kama najuta, nikashindwa kumdanganya.

Sasa mimi nikuulize. Habari yako nimeisoma mara nyingi na kuna kitu hakikai sawa. Mwaka jana ulitetemeka. Mwaka huu umeandika mwenyewe, mkono ulikuwa imara kama si wako. Mnyama akapiga hatua, ukaachia. Hofu ya mnyama haifanyi hivyo, inakufanya ugande. Anayeachia mnyama akitembea anataka tu jambo liishe. Hukuwepo pale, Dafrosa. Ulikuwa umesikia habari gani?

Nilikuomba uwataje watu kwa majina. Umewataja, mpaka mbwa wa Mama mdogo. Nimewahesabu kwa vidole. Mmoja hayupo.

Amekufa? Kama amekufa niambie.

W.


Spånga
12 Januari 2025

Kaka yangu,

Hajafa. Shikamoo. Veronica yu mzima wa afya.

Ameondoka kwenye nyumba yako. Yuko Bunda na mwanamume anaitwa Clement, mfyatua matofali, aliyefiwa na mke. Tangu mwezi wa kumi. Gladness anajua, na likizo anaishi kwa Mama mdogo. Mama anajua. Sote tulijua, na sote tukakubaliana usiambiwe. Hata kabla ya hapo alikuwa ananilalamikia, ndiyo maana sikumtaja.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nimeiandika na kuichana mara tatu wiki hii, na Tiana ameniuliza kwa nini nakaa jikoni na koti.

Ile tarehe kumi na moja, meli ikiwa imeshaacha bandari, Veronica alinipigia. Mtandao ulikuwa unakatika. Akasema, "Wifi, nimengoja miaka saba. Nina arobaini na moja. Nikingoja mpaka mwisho nitakuwa bibi. Kuna mtu amenisemesha. Sijamjibu." Akasema, "Wewe ndiye dada yake. Ukiniambia nisubiri, nitasubiri, sitalalamika tena. Naapa." Alimaanisha, kaka. Unamjua.

Nikamwambia, "Usisubiri."

Hakushukuru. Alilia, halafu visiwa vikaziba mtandao. Nilibaki mezani na chai mpaka Gunvor akaja kuniuliza kama nina kichefuchefu cha bahari. Kesho yake nikapanda mti.

Ningeweza kusema nilimhurumia, na ni kweli. Ila kuna jingine. Nilichoka, kaka. Nimechoka kusalimia watu kwa niaba yako, kuwapa moyo, kuwaambia labda msamaha, labda rufaa, huku nikijua rufaa ilishatupwa na msamaha haugusi kesi kama yako. Nilitaka mtu mmoja katika familia hii atoke.

Sina la kujitetea. Andika chochote.

Dafrosa


Spånga
16 Februari 2025

Kaka Wambura,

Shikamoo. Sijui kama barua ya Januari imefika. Labda imefika na huna jibu. Mama ameumwa kifua, amepona. Huku ni baridi ya kukausha macho.

Wiki iliyopita Gunvor alinipeleka tena, siku za mwisho kabla msimu haujafungwa. Nilimwambia sitaki. Akasema nikiishia kwenye yule wa bwawani nitabaki naye maisha yangu yote. Nikaenda.

Walikuja majike watatu saa nane mchana, wakikwangua theluji kwa kwato kutafuta majani. Mmoja alikuwa anachechemea, mguu wa nyuma umevunjika zamani ukaungana vibaya. Gunvor alikuwa ameniambia nikimwona huyo nimchague. Nilivuta. Moyo haukwenda mbio. Nilingoja uende mbio, maana ndivyo nilivyozoea, na haukwenda. Hakukuwa na kazi ya kulegeza taya. Nilikaa nimevuta mpaka akageuka ubavu, akasimama, akainamisha kichwa, nikaachia. Alitembea hatua sita, akalala. Hakujua kitu. Gunvor alisema katika miaka arobaini hajaona mshale safi kama ule. Akanikumbatia.

Nami sikuhisi chochote, kaka. Nilishuka, nikavua glavu, nikaanza kumpasua. Nilipomaliza nikala mkate. Kwenye meli nililala kama gogo. Nyama nimewagawia watu, nyingine iko kwenye friza, Tiana hataki kuiona.

Naogopa kukuuliza, lakini nani mwingine nimuulize? Ule ndio utulivu uliokuwa unanifundisha?

Dafrosa


Gerezani
30 Juni 2025

Mdogo wangu Dafrosa,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika siku moja, mwezi wa nne. Nisingeweza kukujibu kabla ya jambo moja kupita, na limepita juzi Jumamosi.

Nianze na swali lako. Hapana, sio ule. Ule nilikuwa sijakufundisha, na nisingekufundisha hata kwa kuchapwa. Mimi nilikufundisha utulivu wa mtu anayemwogopea mnyama, hataki ateseke, hataki kukosea, moyo unamwenda mbio na bado anaushika mkono wake. Huo mwingine ni wa mtu asiyengoja kitu. Naujua kwa sababu ndio nilio nao. Humu wananisifu. Wageni wakija wanaambiwa mtazameni mzee Wambura alivyo mpole, miaka minane hajagombana na mtu. Wanadhani ni tabia njema. Usirudi mtini ukiwa hivyo, Dafrosa. Weka upinde kabatini mpaka siku utakapotetemeka tena. Kama siku hiyo haiji, uuze.

La pili ni neno ulilomwambia Veronica melini. Nimekaa nalo miezi miwili. Lilikuwa neno la kweli. Mimi mwenyewe ningelisema, nilikuwa nalo tangu mwaka wa tatu, nikawa naliahirisha: baada ya mavuno, baada ya Gladness kumaliza la saba. Lilikuwa langu. Ndilo neno pekee nililobaki nalo ambalo lingemfaa mtu huko nje, na wewe ukanichukulia. Sijui kama nimekusamehe. Najaribu siku moja, siku nyingine naacha.

Kwa hiyo nilimwomba Gladness amwambie mama yake aje.

Alikuja Jumamosi. Dakika kumi, waya katikati, askari amesimama. Alikuwa amevaa viatu vipya vinavyombana, akawa anahamisha uzito mguu huu na huu. Amezeeka kidogo. Nilitafuta kitu kimoja cha kutazama, nikapata kifungo cha pili cha gauni lake, cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Nikalegeza taya.

Akasema, "Wambura, nisamehe."

Nikamuuliza, "Paa la jikoni bado linavuja?"

Akasema, "Uliza kingine."

Nikamuuliza kama Clement anampiga. Akasema hampigi. Nikamuuliza kama anakunywa. Akasema sikukuu tu. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko nje getini, amekuja naye kwa sababu nauli ya kurudi wanachanga, na kwamba alitaka kuingia kunisalimia, yeye amemkataza. Nikasema, "Vizuri ulivyomkataza."

Dakika kumi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nikamwambia, "Unataka niseme nini, Veronica?"

"Sema niende."

"Si umeshakwenda?"

"Nimekwenda kwa neno la wifi," akasema. "Nataka lako."

Nikamwambia nenda. Sauti ilitoka nzuri, haikukatika. Nikamwambia ahakikishe hisabati ya Gladness, apate mtu wa kumfundisha likizo. Akaitikia kwa kichwa. Akaweka vidole kwenye waya, askari akamwambia mama, hairuhusiwi, akavitoa. Alipofika mlangoni aligeuka, nami nilikuwa bado natazama pale kifungo kilipokuwa.

Yule askari akanipiga bega, akasema, "Mzee, wewe ni jasiri."

Nikarudi bustanini. Ilikuwa zamu ya kupalilia mchicha. Nilichukua jembe, nikalinyanyua, likanianguka. Nikaliokota, likaanguka tena. Mikono ilikuwa inacheza yote miwili, kisha magoti, kisha meno. Nikakaa kwenye tuta. Nilifanya kila nilichokuandikia, pumzi, vidole vya miguu, ulimi, na hakuna kilichosaidia. Nilitetemeka mpaka wakapuliza filimbi ya chakula cha jioni. Imebaki miaka kumi na miwili, nami nilikuwa nimeshazoea kutoihesabu.

Nyapara akaja akanisimamia. "Mzee, ni malaria?"

Nikamwambia ndiyo. Akanipeleka zahanati, wakanitoboa kidole, hawakuona kitu, wakaniandikia mapumziko ya siku mbili. Leo ni ya pili.

Wambura